Taa Machoni, Kengele Masikioni: Si Ulevi, Si Mashetani



Katika safari zetu za kuandikisha wanachama, kutoka Tororo penye simiti mpaka mashamba ya miwa ya Busia upande wa Kenya, tumezoea kuulizwa habari za mishahara, za likizo, na za vibarua wanaofanyishwa kazi miaka mingi bila barua. Hayo tumeyaandika mara nyingi. Leo tunaandika jambo ambalo watu hutuambia pembeni, mkutano ukishakwisha, kwa sauti ya chini. Mmoja husema, "Mzee, mimi huona taa ambazo wenzangu hawazioni." Mwingine husema, "Masikio yangu yanalia usiku kucha, lakini nikimwambia nyapara atasema nina wazimu."

Tunayajua mambo haya kwa sababu sisi tunaoandika yametupata yote mawili. Tumeishi nayo miaka mingi. Kwa hivyo tusikilizeni, maana katika habari hii mna jambo la afya, na mna jambo la haki.

ZAMU YA USIKU

Tulikuwa bado vijana, tukifanya kazi katika kiwanda ambacho hatutakitaja, kwenye chumba cha kusagia. Wanaokijua kinu cha kusagia wanafahamu kwamba ni pipa kubwa la chuma lenye mipira ya chuma ndani yake. Likizunguka, mipira hupondana na mawe, na sakafu hutetemeka mpaka kwenye magoti.

Ilikuwa saa nane ya usiku. Hatukuwa tumekula tangu jioni, na mchana wake hatukulala, maana nyumbani kulikuwa na matanga. Tulikuwa tunasoma geji ya mashine. Ghafla namba ya katikati ikapotea. Tukapeleka macho kushoto, na namba ya kushoto nayo ikapotea. Tukafikiri ni vumbi, tukapangusa macho, lakini tundu lile likabaki. Kisha pembeni mwa tundu kikatokea kitu kama meno ya msumeno, kinamemeta na kucheza kama taa ya kuchomelea vyuma. Kikapinda kama mundu, kikakua polepole kuelekea kushoto, mpaka upande wote wa kushoto tukawa hatuoni kitu.

Ndugu, upande huo wa kushoto ndiko ulikokuwa mkanda wa mashine, hatua mbili tu kutoka tuliposimama, nao haukuwa na kifuniko. Tulikuwa tumekwisha kuinua mguu kwenda huko. Mwenzetu wa zamu alitushika shati akatuvuta nyuma. Mpaka leo mkono tunaouandikia ni wa bwana yule.

Nyapara alikuja, akatumulika tochi usoni, akasema, "Wewe umekunywa waragi." Tukatolewa getini na zamu ile hatukulipwa. Baada ya dakika ishirini na tano hivi taa zikaisha zenyewe. Halafu kichwa kikaanza kupiga upande mmoja kama nyundo, tukatapika kando ya barabara.

Kwetu Mwello baadhi ya wazee walisema ni mizimu inayotaka kuku. Duka moja la dawa likasema ni malaria, bila kupima damu, tukapewa kwinini. Kwinini ile ndiyo iliyoongeza kengele masikioni kwa siku zile. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyetuuliza tunaona nini hasa.

JINA LAKE NI KIPANDAUSO

Ilipita miaka sita mpaka tulipokutana na daktari kijana pale mpakani. Alitupa karatasi na kalamu akasema, "Ndugu, chora unachokiona." Tulipomaliza kuchora ule mundu wenye meno ya msumeno, alitabasamu. Akasema picha kama hiyo wameichora watu wengi kabla yetu.

Na kweli. Mwaka 1870 daktari wa Uingereza aliyeitwa Hubert Airy alichora na kuchapisha taa alizoziona yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, tangu nukta ndogo mpaka mundu mkubwa. Aliona zinafanana na kuta za ngome ya zamani zilizo na pembe pembe. Daktari yule hakuwa mlevi, wala hakuzaliwa Mwello akadaiwa kuku.

Ugonjwa wenyewe ni kipandauso. Wengi hudhani kipandauso ni kuumwa kichwa tu. Siyo. Shirika la Afya Duniani linasema humpata kama mtu mzima mmoja katika kila saba, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Katika wenye kipandauso, kama mmoja kwa kila watatu au wanne huona kwanza dalili kama hizi, ambazo madaktari huziita aura. Huja kwa dakika tano mpaka saa moja, kisha huondoka. Wengine hupata ganzi ya vidole inayopanda mpaka mdomoni. Wengine huona taa tu na kichwa kisiume kabisa.

Taa hizo hazimo machoni. Zimo katika ubongo, upande wa kisogoni, mahali panaposhughulikia kuona. Mwaka 1944 mtaalamu wa Brazil, Aristides Leão, aliyekuwa akisoma Marekani, aligundua kwa wanyama kwamba kuna wimbi linaloweza kupita juu ya ubongo na kuuzimisha kwa muda, mwendo wa milimita chache tu kwa dakika. Mwendo huo ni wa polepole kuliko konokono. Ndiyo maana mundu ule hukua polepole badala ya kutokea mara moja. Ukitaka kujihakikishia, ziba jicho moja, kisha jingine. Ukiona taa zile zile kwa kila jicho, zinatoka ubongoni.

Yanayoamsha kipandauso tunayajua sote, maana ni maisha yetu wenyewe: kukosa usingizi baada ya zamu ya usiku, kukaa na njaa, kukosa maji katika jua la shamba la miwa, mwanga mkali au taa inayocheza-cheza, kelele, na mashaka ya moyo. Wanawake wengi hukipata karibu na siku zao za mwezi.

NA MLIO WA MASIKIO?

Sasa tuje kwenye kengele. Yupo anayesikia filimbi, yupo anayesikia nyenje, yupo anayesikia mvuke ukitoka kwenye bomba. Madaktari huita hali hii tinitasi. Mlio huo hautoki nje. Hata ukiingia ndani ya shimo utausikia.

Sababu ziko nyingi: nta iliyojaa sikioni, usaha, uzee, na dawa fulani. Lakini kwa mfanyakazi wa kiwanda sababu ya kuitazama kwanza ni kelele. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza mtama. Ukipumzika huinuka. Ukizipiga kila siku, mwaka baada ya mwaka, hufa, nazo hazioti tena. Sikio likikosa habari kutoka kwa chembe hizo, ubongo hujitengenezea sauti yake. Hiyo ndiyo kengele.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kuanzia desibeli 85 kwa saa nane kila siku, masikio yamo hatarini. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi: kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Kwa hesabu hiyo, penye 88 saa nne zinatosha kukudhuru, na penye 91 ni saa mbili tu. Huna kipimo? Simama urefu wa mkono kutoka kwa mwenzako. Ikikubidi upige kelele ndipo akusikie, mahali hapo yafaa papimwe.

YANA UHUSIANO?

Tulimwuliza daktari yule, "Je, taa na kengele ni ndugu?" Alijibu kwa uaminifu kwamba huenda wakawa ndugu, lakini undugu wao haujathibitishwa wote.

Yanayojulikana ni haya. Mwaka 2018 watafiti wa Taiwan walichapisha hesabu za wagonjwa wa kipandauso zaidi ya elfu moja, wakiwalinganisha na watu zaidi ya elfu nne wasio nacho. Wenye kipandauso walipata maradhi ya sikio la ndani, na hasa mlio, zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Madaktari wanaeleza njia mbili zinazowezekana. Kwanza, mishipa inayochokozwa wakati wa kipandauso inafika pia kwenye mishipa ya damu ya sikio la ndani. Pili, ubongo wa mwenye kipandauso ni mwepesi wa kushtuka: huchoshwa na mwanga, harufu na sauti ambazo mwingine hazimsumbui. Ubongo kama huo huenda ukausikiliza mlio mdogo na kuukuza.

Sisi wenyewe kengele zetu hupanda siku ya taa, na hushuka tukishalala. Lakini uhusiano si usababishi. Jogoo huwika na jua huchomoza, wala jogoo hachomozi jua. Shikeni maneno hayo, maana hapa ndipo haki ya mfanyakazi inapoweza kupotea.

TAJIRI ASITUCHANGANYE

Fundi mmoja wa kiwanda cha sukari, ambacho nacho hatukitaji, alikuja kwetu na barua. Alikuwa amefanya kazi karibu na mashine za kukamua miwa kwa miaka kumi na minne. Masikio yalilia yote mawili, na alikuwa hasikii tena watoto wake wakimwita. Alipodai fidia, aliulizwa kama amewahi kuumwa kichwa. Kwa kuwa ni mtu mkweli, alisema tangu shule anapata kipandauso chenye taa. Barua ikaandikwa: masikio yako yameharibika kwa sababu ya kipandauso chako, si kwa sababu ya kazi.

Ndugu, mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi mawili. Mwenye kipandauso akikatwa kidole na mashine, hatuambiwi kidole kimekatwa na kipandauso.

Tulimpeleka fundi yule hospitali kubwa akapimwe usikivu. Mtihani huo hufanywa kwa kuvaa vyombo masikioni na kubonyeza kitufe kila usikiapo sauti, nyembamba na nene, na majibu huchorwa kwenye karatasi. Sikio lililoharibiwa na kelele mara nyingi huacha alama yake: mstari huanguka kwenye sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, kisha huinuka kidogo mbele yake. Kipandauso hakijulikani kuacha alama ya namna hiyo. Karatasi ya fundi wetu ilikuwa nayo, masikio yote mawili. Tuliiweka mezani pamoja na kadi zake za kazi za miaka kumi na minne. Alilipwa. Fedha hazikuwa nyingi, na usikivu wake haukurudi, lakini barua ile ilifutwa.

Sheria zipo. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele viwandani za mwaka 2005: mfanyakazi asipigwe na kelele ya wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane, na penye zaidi ya 85 mwajiri awe na mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na Sheria ya Fidia kwa Walioumia Kazini ya mwaka huo huo. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 148 juu ya hewa chafu, kelele na mtetemo mwaka 1977, na katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya 2010 limetaja wazi usikivu ulioharibiwa na kelele. Sisi wa mpakani tukumbuke kwamba sheria inayotuhusu ni ya upande tunaofanyia kazi, si ule tunaolala.

LA KUFANYA KAZINI

Kwanza, mwambie mwenzako wa zamu. Usione haya. Mwambie, "Nikisema taa zimekuja, nishike mkono." Sisi tulinusurika kwa shati tu.

Pili, taa zikianza, acha mashine mara moja. Usiendeshe trekta, usipande ngazi, usishike panga, wala usipande baiskeli au pikipiki kuvuka barabara ya malori pale mpakani. Keti mpaka uone sawasawa. Wawakilishi wa wafanyakazi wadai jambo hili liandikwe katika mapatano na mwajiri: anayepoteza uwezo wa kuona ghafla apumzishwe bila kukatwa mshahara, na asiitwe mlevi kabla ya kupimwa.

Tatu, dai kelele ipunguzwe pale inapotoka: vyuma vilivyolegea vikazwe, mashine ifungiwe chumba chake, watu wapokezane. Vizibo vya masikio ni msaada wa mwisho, si wa kwanza, lakini vikitolewa vivaliwe. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kinu. Na ukiingia kazini mahali pa kelele, omba upimwe usikivu siku za mwanzo, ili baadaye ijulikane uliingia na masikio gani.

Nne, weka daftari. Andika tarehe, saa, zamu, ulichokula, ulivyolala, taa, maumivu, mlio. Daftari la shilingi chache litamsaidia daktari, na siku ya kudai haki litakuwa shahidi.

HABARI ZA DAWA

Katika nchi yetu ya Tororo na Busia malaria ni nyingi, na kila kichwa kikiuma tunameza dawa ya malaria. Pima damu kwanza. Kwinini inaweza kuleta mlio wa masikio, ukungu machoni na kuumwa kichwa, na kwa kawaida hali hiyo huondoka dawa ikiisha. Ukipewa na daktari kwa malaria iliyopimwa, imeze, maana malaria huua. Lakini usijinunulie kwa sababu ya taa na kichwa. Aspirini nyingi nayo huleta mlio, na baadhi ya sindano kali kama streptomaisini na gentamaisini zinaweza kudhuru masikio moja kwa moja. Mwambie daktari mapema kama masikio yako tayari yanalia.

Kwa kipandauso, dawa ya kawaida ya maumivu inayomezwa mapema hufaa kuliko ile inayomezwa kichwa kikishapasuka. Kunywa maji, kula kitu, lala gizani. Lakini ukimeza dawa za maumivu nusu ya siku za mwezi au zaidi, dawa zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Wanaopata shida mara kwa mara wamwone daktari, maana zipo dawa za kuzuia, nazo si za kujichagulia dukani.

Akina dada na akina mama, hili ni lenu. Mwanamke anayeona taa za kipandauso asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ile ya estrojeni ikiwa mojawapo, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Sigara huzidisha hatari hiyo. Mama mmoja wa kupalilia miwa alivimeza miaka mitatu, na hakuna aliyemwuliza kama anaona taa, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema. Semeni. Msiache ghafla bila kupata njia nyingine. Kitanzi cha shaba hakina tatizo hilo, na mkunga atawaeleza njia zilizobaki.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usingoje zamu iishe ikiwa taa au giza limekuja ghafla kwa mara ya kwanza na umepita miaka hamsini; ikiwa zimepita saa moja hazijaondoka; ikiwa jicho moja tu limefungwa; ikiwa mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki; ikiwa kichwa kimepasuka ghafla kuliko siku zote; au ikiwa kuna homa na shingo imekakamaa. Kwa masikio, nenda upesi ikiwa sikio moja limeziba kusikia kwa ghafla, maana tiba yake hufaa siku za mwanzo. Onana na daktari pia ikiwa mlio unapiga sawa na moyo, au uko upande mmoja tu.

KUISHI NAYO

Hatutawadanganya. Kengele zetu hazijanyamaza. Lakini tumejifunza kwamba kimya kitupu ndicho adui wa usiku, kwa hivyo tunaweka redio kwa sauti ndogo mpaka usingizi uje. Ubongo huzoea, kama aliyejenga karibu na reli anavyozoea garimoshi. Taa nazo hutujia mara chache tangu tulipoacha kuruka chakula na kuanza kuheshimu usingizi baada ya zamu. Zikija, twajua jina lake, na ukilijua jina hofu hupungua nusu.

Bwana yule aliyetuvuta shati bado tunaonana naye. Hatukuwahi kumweleza usiku ule tulikuwa tunaona nini, mpaka mwaka jana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe. Hata mimi huziona." Miaka yote ile tulisimama kwenye kinu kimoja, kila mtu na taa zake, kila mtu kimya.

Basi mkutano ujao wa tawi lenu, katika mengineyo, mtu mmoja ainuke aseme. Mtaona wangapi watainua mikono.

Umoja ni nguvu.